Sura ya Tisa: Sanduku Lililoachwa Sakafuni

Fundi Fakhruddin aliigeuzageuza ile diski ya kompyuta mkononi, akaipuliza vumbi, kisha akaiweka sikioni na kuitikisa taratibu, kama mtu anayepima dafu kama lina maji.

"I hai?" akauliza Inspekta Chirau.

"Wauliza kama daktari wa ng'ombe. Keti kwanza. Na usiiegemee hiyo redio, ina mwenyewe."

Chirau akaketi. Duka lilikuwa dogo, ndani ya kichochoro nyuma ya Biashara Street, limejaa feni mbovu na redio zilizofunguliwa matumbo. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Jumatatu saa tatu kesi ya Kitsao ingeanza kusikizwa, na kwa kosa aliloshtakiwa hakukuwa na adhabu nyingine ila kitanzi. Kitu pekee ambacho kingeweza kumtoa kilikuwa kipande hiki cha chuma, ukubwa wake kiasi cha kijaluba cha tambuu.

Mwezi wa Agosti, siku ya Jumanne, Mzee Nadeem alikutwa amekufa katika duka lake la kupiga chapa. Alikuwa akiwaandikia watu barua na kadi za harusi kwa kompyuta, na watu walimpenda kwa kuwa alisahihisha makosa yao bila kuwacheka. Shingoni mwake palikuwa na kulabu ya kubebea magunia. Kulabu ilikuwa ya Kitsao, hamali wa Marikiti. Jina lake lilichongwa kwenye mpini. Muuza leso wa jirani alimwona Kitsao akiingia saa kumi alasiri, na hakumwona mtu mwingine. Daktari alisema mzee alikufa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili. Jioni hiyohiyo Chirau alimkamata Kitsao juu ya lori la machungwa.

Kitsao hakukana kuingia. Alikwenda kuandikiwa barua ya kuomba kimeza cha kuuzia matunda, kwa sababu mgongo ulikuwa umeanza kumchosha. Mzee akamwambia ana kadi za kumalizia kwanza. Barua ataiandika akishamaliza, aje kuichukua kesho. Kitsao akatoka saa kumi na robo, akaisahau kulabu yake juu ya meza. Toka saa kumi na nusu hadi magharibi alikuwa Marikiti akishusha mzigo, na watu thelathini walimwona.

Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya barua ile. Kompyuta hupiga kila barua muhuri wa saa na dakika iliyohifadhiwa. Kama barua ya Kitsao ilikuwamo, na muhuri wake ni wa baada ya saa kumi na nusu, basi Nadeem alikuwa hai, anaandika, wakati Kitsao yuko chini ya magunia mbele za watu. Kama haimo, yalibaki maneno ya hamali dhidi ya kulabu yake mwenyewe.

Na hapo ndipo Chirau alipokuwa ameharibu. Siku ya mauaji aliwaamuru askari wake wachukue kompyuta. Wakachukua kioo, yaani skrini. Ndicho kilichoonekana kama mashine. Sanduku lenyewe, ambamo hukaa diski inayohifadhi maandishi, lilikuwa limeanguka chini ya meza, kati ya makaratasi, wakaliacha. Chirau kwa mkono wake aliandika kibandiko: Kompyuta moja. Kwa miezi miwili kioo kikakaa stoo ya vielelezo, kimefunikwa gunia. Wiki iliyopita alikipeleka kwa Fakhruddin ili akisome. Fundi alicheka mpaka akavua miwani.

"Inspekta, umenikamatia televisheni!"

Ndipo Chirau akalifuata sanduku lenyewe nyumbani kwa marehemu, akamletea diski iliyokuwamo. Sasa Fakhruddin hakuwa akicheka. Alikuwa ameiunganisha diski na mashine yake ya kazi, akawasha. Hapakutoka sauti hata kidogo.

"Bodi imeungua," akasema, akionyesha kwa ncha ya bisibisi alama nyeusi kwenye saketi iliyo chini ya diski. "Sanduku lilianguka likiwa na umeme. Hili si kubwa. Ninayo nyingine ya aina hiihii, ilikufa kwa ugonjwa mwingine. Tutachukua bodi ya maiti mmoja tumpe mwenzake."

"Yawezekana?"

"Nimeshafanya. Mara mbili."

Akafungua skrubu za bodi moja baada ya moja, akizipanga juu ya gazeti kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Chirau alizihesabu bila kutaka. Nje mwuza kahawa alipita akigonganisha vikombe. Fundi alipomaliza kubadilisha, alishika kitufe, akamtazama Chirau.

"Sema bismillahi."

"Bismillahi."

Diski ikaamka. Ilivuma, kwanza chini, halafu juu, kama feni inayoshika kasi, na Chirau akajikuta amesimama. Mwanga mdogo wa kijani ukawaka. Kwa muda wa kumeza mate mara tatu kila kitu kilikuwa sawa.

Kisha ikaanza kugonga. Tik. Tik. Tik. Halafu mkwaruzo mrefu, kama ukucha juu ya bati.

Fakhruddin alizima kwa pupa, karibu aangushe meza. Akaichukua diski, akaipeleka kwenye mwanga wa mlangoni, akainamisha kichwa.

"Njoo utazame. Skrubu za kifuniko. Siyo zile nilizofungua mimi, hizi za juu."

Chirau akatazama. Zilikuwa sita. Vichwa vyake vilikuwa vimekwaruzwa, na moja ilikuwa imefungwa upande.

"Kuna mtu aliyeifungua?"

"Kuna mtu aliyeifungua. Na hiki hakifunguliwi, Inspekta. Ndani yake hakutakiwi hata punje ya vumbi. Wenzetu huko ng'ambo wanaokifungua huwa na chumba maalumu, wamevaa kama madaktari wa kupasua. Mimi sikutazama. Kosa langu, sikutazama kabla ya kuwasha."

Akafungua kifuniko, kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kuhofia. Ndani mlikuwa na sahani mbili, moja juu ya nyingine. Zilitakiwa kung'aa kama kioo. Hizi zilikuwa na utando wa rangi ya chai, na juu ya utando ule palikuwa na mviringo uliochimbwa, mpya, unaomeremeta.

Harufu ikapanda. Wote wawili wakatazamana.

"Udi," akasema Chirau.

"Udi na ubani. Mzuri, si wa kuuziwa wageni." Fakhruddin akapitisha kidole juu ya utando, akakinusa. "Huu ni moshi ulioganda. Umekuwa kama gundi. Na mviringo huu, waona? Hapa kichwa cha kusomea kimeukwangua. Kimekwangua moshi na kimekwangua maandishi pamoja. Mviringo huu nimeuchimba mimi, sasa hivi, tulipowasha."

"Kilichobaki hakisomeki?"

"Nikiusafisha nafuta na yaliyo chini yake. Nikiuacha, hayasomeki."

"Na ng'ambo?"

"Ng'ambo wangejaribu, kabla hatujawasha. Na ungengoja miezi. Wewe una siku ngapi?"

Chirau aliitia diski kwenye mfuko wa karatasi, akaandika juu yake tarehe na saa, akamtaka fundi atie sahihi. Fakhruddin akatia sahihi polepole.

*

Alipokuwa akitembea kuelekea Mji wa Kale, nyumbani kwa marehemu, Chirau aliyapanga mambo. Mtu alifungua diski akaitia moshi. Mtu huyo alikuwa na bisibisi, alikuwa na nafasi, na alijua kilichomo. Sanduku halikukaa dukani. Siku ya tatu baada ya maziko lilichukuliwa na Munazza, dada wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pili wa duka. Ufunguo wa pili. Katika miezi miwili Chirau hakuwahi kumuuliza Munazza alikuwa wapi Jumanne ile alasiri. Alijilaumu, na papo hapo akapata nguvu, kwa kuwa mtu mwenye wa kumshuku ni afadhali kuliko mtu asiyekuwa na kitu.

Munazza mwenyewe ndiye aliyemfungulia, mwanamke mrefu wa miaka hamsini, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

"Bwana askari. Kioo mmechukua, sanduku mmechukua. Leo mwataka meza?"

"Nataka kukuuliza. Siku ya Jumanne aliyokufa kaka yako, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, ulikuwa wapi?"

"Miezi miwili imepita ndiyo unaniuliza?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Nilikuwa hospitali, ninatolewa mtoto wa jicho. Cheti kiko ndani, nikuletee? Kina muhuri na saa." Alimtazama kwa jicho lile lililotibiwa. "Haya, sema ulilojia."

"Diski ya kompyuta imefunguliwa. Skrubu sita zimekwaruzwa, na ndani imetiwa moshi. Ilikuwa mikononi mwako."

"Lau ningetaka kuivunja ningeitupa baharini. Bahari ile pale, hatua mia. Ningefungua skrubu za nini?"

"Basi nani?"

Ndipo sauti ikatoka ndani, nyuma ya pazia la mlango wa chumba, sauti ya chini ya mtu asiyezungumza sana siku hizi.

"Munazza, muwache. Ni mimi."

Alikuwa Bi Firoza, mjane. Chirau hakuwahi kusikia sauti yake. Bibi alikuwa edani, hatoki na haonani na wanaume wasio jamaa zake, na kila afisa aliyezipanda ngazi zile alizungumza na wifi yake, akatoa pole, akateremka. Hakuna aliyeona adabu kumsumbua. Chirau akavuta kiti, akakiweka ubavu kwa pazia, akaketi akilitazama dirisha.

"Pole kwa msiba, Bi Firoza."

"Ahsante, baba. Tumeshapoa. Nimefanya kosa?"

"Nambie tu ulivyofanya."

"Lile sanduku lilipokuja nilimwambia Munazza anitolee kile kipande kinachoweka maneno. Nakijua. Marehemu alikuwa akikitoa mara kwa mara, akikipangusa, mimi nimeshika taa. Alikuwa akiniandikia mambo ya mama yangu. Mimi nasimulia, yeye anaandika. Vipi mama alipika, vipi alituimbia, majina ya watoto waliokufa. Tulifika kurasa arubaini. Hazikuchapwa kwenye karatasi. Alisema tumalize kwanza."

"Ndiyo."

"Munazza akakipeleka kwa mtu, akasema kimekufa. Mimi sikusadiki. Marehemu siku zote alisema, Firoza, adui wa mashine hii ni unyevu wa bahari. Alikuwa akiifunika kanga. Na duka limefungwa siku ngapi, madirisha yamefungwa, yote chini sakafuni. Nikasema, ni unyevu."

"Ukafanyaje, Bi Firoza?"

"Nikakifungua kwa bisibisi yake ndogo. Mikono yangu haina nguvu, ndiyo nikazikwaruza. Nikakiweka juu ya kitenga cha kufukizia nguo, chetezo chini, makaa machache tu. Unyevu wa nguo hutoka hivyo. Nikakitilia udi aliokuwa akiupenda, wa kufukizia kanzu yake ya Ijumaa. Kila Alhamisi. Alhamisi tatu. Halafu nikakifunga, nikamwambia Munazza akirudishe kwenye sanduku. Kilikuwa kinanukia kama yeye."

Katika chumba kile pazia lilitikisika kidogo kwa upepo, likatulia. Munazza alikuwa ameugeukia ukuta.

"Yule aliyemuua," Firoza akaendelea, "kila sala namwomba Mungu amlipe. Walisema kipande hiki kitamsaidia mwendesha mashtaka. Ni kweli?"

"Kingetuonyesha saa," Chirau akasema. "Saa ambayo mzee alikuwa bado anaandika."

"Basi kimepona?"

Alikuwa amekuja na maneno makali.

"Bado, Bi Firoza."

"Kirudishe basi. Leo ni Alhamisi. Makaa yapo tayari."

Munazza alimsindikiza mpaka chini ya ngazi. Mlangoni akamshika mkono wa shati.

"Kimekufa, sivyo?"

"Kimekufa."

"Usimwambie kabla eda haijaisha. Na ndani ya kesi, jina lake litatajwa?"

"Wakili atauliza nani alikiharibu."

"Nawe utasema nini?"

Chirau akauweka mfuko wa karatasi kwapani, akaondoka.

*

Siku ya Ijumaa baada ya sala alikwenda rumande. Angeweza kumtuma mtu. Kitsao aliletwa miguu mitupu, amekonda, mabega yake mapana yamebaki kama kiango cha nguo. Alitabasamu alipomwona, na tabasamu lile lilimuumiza Chirau kuliko chochote tangu asubuhi ya jana.

"Wamekipata, bwana mkubwa? Barua yangu imo?"

"Haisomeki, Kitsao. Diski imekufa. Sisi tulikuwa tumechukua kioo. Sanduku tuliliacha pale chini, na tulipolirudia lilikuwa limeshaharibika."

Hakutaja udi. Kitsao aliinamisha kichwa, akaanza kukwangua ukucha wa dole gumba kwa ukucha mwingine. Askari wa zamu alikohoa.

"Ndilo nililowaambia," Kitsao akasema hatimaye.

"Uliwaambia nani?"

"Ninyi. Siku ile mliponikamata Marikiti, mkanirudisha dukani na pingu nikaonyeshe niliposimama. Vijana wako walikuwa wakitoka na kioo. Nikasema, jamani, mwaacha kitu chenyewe, kiko chini ya meza. Mimi nalijua lile sanduku, mimi ndiye niliyempelekea mzee kwa mkokoteni alipolinunua. Alitembea ubavuni mwangu njia nzima, mkono juu ya sanduku. Kioo hakukijali. Aliniambia, Kitsao, kioo kikivunjika nitanunua kingine, lakini humu ndimo mna kazi za watu."

Chirau alikuwa anamtazama.

"Nikasema tena," Kitsao akaendelea, sauti yake haina hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Nikasema, chukueni sanduku, bwana, barua yangu imo humo. Ndipo ukanipiga kofi. Ukasema nisikufundishe kazi."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa imekaa mahali fulani kichwani mwake muda wote, jambo dogo la siku yenye mambo mengi: mtu mwenye pingu anayebwabwaja, mkono wake mwenyewe ukienda. Aliyasikia maneno yale siku ile kama kelele. Sasa aliyasikia.

Mtu aliyemuua mzee hasihi askari waichukue mashine ya mzee. Anaiacha ilipo, anashukuru. Mtu huyu alikuwa na pingu mkononi, hajaambiwa hata anashukiwa kwa lipi, na tayari alikuwa akitaka sanduku lile lisomwe. Asingelitaka kama hakujua kuwa barua ingeandikwa baada ya yeye kuondoka. Lilikuwa jambo hilo tu. Halikuwa na muhuri wala saa. Mwendesha mashtaka angelipasua kwa dakika mbili: mshtakiwa husema lolote, na shahidi wake ni nani? Shahidi alikuwa mmoja. Vijana wawili waliobeba kioo walikuwa wameshahamishwa, mmoja Garissa, mwingine hajulikani alipo, na wala wasingekubali. Na shahidi huyo, ili aaminiwe, ingempasa aseme yote: kioo, kibandiko, na mkono wake.

Akatoa fomu ya maelezo mfukoni, akainyoosha juu ya meza.

"Sema tena. Polepole."

"Lipi?"

"Maneno uliyotuambia pale mlangoni. Kama ulivyoyasema."

Kitsao akayasema. Chirau akayaandika neno kwa neno, akaweka tarehe, akaweka mahali, akaandika nani alikuwa amesimama wapi. Akaandika kwamba kioo kilichukuliwa kwa amri yake na kwamba kibandiko ni mwandiko wake. Kuhusu jinsi diski ilivyoharibika aliandika mstari mmoja: kwamba iliharibika kwa sababu yeye, Inspekta Chirau, hakuichukua siku aliyopaswa kuichukua. Akausoma tena. Haukuwa uongo.

"Itasaidia?" akauliza Kitsao.

"Sidhani."

"Mwenyewe hutafukuzwa?"

"Nadhani nitafukuzwa."

"Basi mbona unaandika?"

Chirau aliendelea. Kalamu ilikuwa imefika chini ya ukurasa. *Mshukiwa aliposema hivyo mimi nilimpiga kofi mara moja.* Akaigeuza karatasi, akamsomea yote kutoka juu, kama sheria inavyotaka, ili kama kuna kosa alitaje.

Kitsao alisikiliza, kichwa upande. Mwisho akanyoosha kidole, akakiweka juu ya mstari ule asioweza kuusoma.

"Hapo. Ulinipiga mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeshanyamaza."

Chirau akakata neno, akaandika lingine juu yake, akatia sahihi pembeni.